Upande wa Kola

Mtaani kwetu mama yangu mdogo, ninayeishi naye, wanamwita Balozi. Jina lilianza kwa kejeli. Yeye ni fundi cherehani, na suti hajawahi kuvaa isipokuwa ya mteja, mbele ya kioo, kabla mwenyewe hajaja kuichukua. Lakini mwaka juzi alichaguliwa kwenye mpango wa kubadilishana ujuzi, akapanda ndege, akakaa wiki sita nchi za watu pamoja na mafundi wenzake wanaofundisha. Aliporudi, muuza mkaa wa kona ile akamlaki:

"Balozi, karibu nyumbani! Bendera yako iko wapi?"

"Iko dukani, naipiga pindo," akajibu bila kusimama.

Ndivyo alivyo. Ukimrushia neno, atakurudishia likiwa limepigwa pasi.

Mpango ule hauwasahau waliosafiri. Wakisharudi kwao wanaweza kuomba ruzuku ndogo, mradi wafanye kazi ya kupatanisha watu. Na kwetu wa kupatanishwa walikuwepo. Ng'ambo ya barabara ya lami wanakaa waliokimbia vita nchi jirani, sasa mwaka wa saba. Huku tuko sisi. Watoto wanasoma shule moja, lakini bombani mama zao walipanga foleni mbili, na ndoo ya huyu ikigusa ya yule, siku hiyo chakula kinachelewa kwa matusi. Sisi tuliwaita wageni. Wao walituita wenye nchi, kwa sauti ambayo haikuwa ya heshima.

Mama mdogo akaomba ruzuku, akapata. Akakodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akaweka vyerehani sita, viwili vyake na vinne vya kuazima, akaita wanawake ishirini, kumi huku, kumi kule. Kazi ilikuwa kushona sare za shule. Sharti lake lilikuwa moja, nalo liliwaudhi wote: hakuna kushona shati zima peke yako. Huyu ashone upande wa mbele, yule wa nyuma, mwingine kola, mwingine mikono. Wa mbele amtafute wa nyuma, waungane begani. Mabega yasipolingana, wote wawili wanafumua.

"Na kama sitaki kukaa naye?" aliuliza mke wa kinyozi siku ya kwanza, huku akimnyooshea kidole mama mmoja wa ng'ambo, ambaye wenzake walimwita Ngongoti kwa urefu wake.

"Basi mwanao atavaa upande wa mbele tu," mama mdogo akasema. "Mgongo upigwe upepo."

Ngongoti akaangua kicheko. Mke wa kinyozi alijikaza, akajikaza, mwisho naye kikamtoka.

Siku hiyo hiyo daftari la mahudhurio likapitishwa. Ofisi ya ruzuku ilikuwa imelichora tayari, safu tatu: jina, sahihi, upande. Hakuna aliyeeleza maana yake. Likazunguka watu wakiwa na nguo mapajani, likarudi limejazwa: wa mbele. Wa nyuma. Mkono wa kushoto. Mfuko. Mke wa kinyozi aliandika: kola.

Mama mdogo alilisoma, akakaa juu ya robota la vitambaa, akacheka mpaka akafuta machozi kwa tepu ya kupimia. Kisha akalisoma tena.

"Hili halirekebishwi," akasema. Miezi mitatu likajazwa hivyo hivyo.

Mwezi wa nne akaja afisa wa ruzuku, kijana mpole, viatu vinang'aa, kompyuta begani. Sehemu ya pili ya ruzuku ilikuwa haijatoka, na bila hiyo chumba kingerudi kwa mwenye duka mwisho wa mwezi. Wote tulilijua hilo. Afisa akafungua daftari, akafunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Mama, hapa kuna kosa. Upande maana yake jamii mtu anayotoka. Mwenyeji au mgeni."

"Najua."

"Kumbe unajua?"

"Tangu siku ya kwanza, mwanangu. Wao hawakujua, ndiyo maana walijibu vizuri."

"Sasa ripoti nitaiandikaje? Wakubwa wanataka kuona pande mbili zimekaa pamoja. Nikiwapelekea 'mfuko' watanicheka. Lijaze upya tu, mama, kazi ya saa moja."

"Wanawake hawa walikuwa na foleni mbili bombani. Leo niwapange tena mbili kwenye karatasi?"

"Si karatasi tu, mama?"

"Na kule zilikuwa ndoo tu."

Afisa akashusha pumzi. Akasema kwa adabu kwamba bila safu hiyo hawezi kuombea sehemu ya pili. Halafu akaona bora awaulize wenyewe. Vyerehani vikanyamaza.

"Wewe mama, ni mwenyeji au mgeni?"

Alikuwa amemwangukia mke wa kinyozi. Nikamtazama mama mdogo. Hakumkonyeza wala hakukohoa. Alikuwa anatunga uzi.

"Mimi kola," mke wa kinyozi akasema.

"Nauliza unatoka wapi."

"Shingoni."

Chumba kizima kikalipuka. Afisa akamgeukia Ngongoti. "Na wewe?"

"Mgongo. Wa huyu huyu."

"Mimi mkono wa kulia," mwingine akadakia, "na uniulize taratibu, nimeshika sindano."

Afisa aliuma mdomo asicheke. "Mnajua lakini kwamba mtapoteza chumba?"

Ngongoti akasimama, kichwa karibu kiguse taa. "Baba, mimi nimepoteza nyumba ya vyumba vinne. Kwa hiki kimoja usinitishe."

Afisa akafunga daftari, akaliacha mezani. Mama mdogo akamsindikiza mpaka mlangoni, nami nilimsikia akimwambia, "Waandikie wakubwa zako kwamba nimekataa. Usiandike nilisahau, wala usiandike sikuelewa. Andika nimekataa."

Barua ikaja baada ya wiki mbili: ruzuku imesitishwa. Aliisoma akiwa amesimama. Karatasi yake ilikuwa ngumu, nzuri. Akaikata kipimo cha mfuko, akakatia vitambaa kwayo mchana ule ule.

Siku ya mwisho ya mwezi, saa tano asubuhi, tukatoka na vyerehani kwenye mikokoteni miwili, katikati ya barabara ya lami, jua likiwaka na magari yakipiga honi nyuma yetu. Watu wakatoka madukani.

"Mmefukuzwa?" mtu akapaza sauti.

"Tunahamia kwangu!" mama mdogo akajibu. "Na sogea, hili gari halina breki!"

Vinne viliingia sebuleni. Cha tano kikachukua mahali pa kitanda changu. Cha sita kikakwama mlangoni, mke wa kinyozi akivuta kutoka ndani, Ngongoti akisukuma kutoka nje, wakitupiana maneno kama mtu na wifi yake.

"Inua, wewe! Urefu huo wa kazi gani?"

"Na wewe vuta, au mikono ni ya kulia ugali tu?"

Mama mdogo akawatazama kidogo. Akaenda kutafuta bisibisi, akaung'oa mlango.