Mtoto wa Ndani ya Beseni

Fundi cherehani alikuwa na chumba kimoja, na chumba hicho kilikuwa na kazi nyingi kuliko yeye. Kitandani alilala mumewe, mlinzi wa usiku, aliyerudi asubuhi akiomba jambo moja tu: kimya. Cherehani ilikaa dirishani. Sakafu iliyobaki ilikuwa ya pasi ya mkaa, mikasi na pini zilizodondoka. Katikati ya hayo yote, ndani ya beseni kubwa la bluu lililotandikwa vipande vya vitambaa, alikaa Kibonge, binti yao.

Lilianza kama jambo la siku moja. Kibonge alipojua kukaa, aliokota pini akaipeleka mdomoni. Mama yake aliinyakua, roho mkononi, akamtia mtoto ndani ya beseni ili amalizie pindo. Siku ile ikazaa nyingine. Mtoto hakulia. Alishika ukingo, akatazama mguu wa mama yake ukikanyaga pedali, juu chini, juu chini, safari isiyofika popote.

"Wifi," dada wa mume alimtania kila alipopita, "huyu umemzaa au umemloweka?"

Walicheka wote wawili, mama kwa mdomo tu.

Kliniki, muuguzi aliuliza, "Bibie huyu anatambaa?"

"Anatambaa," mama akajibu, upesi mno.

Muuguzi akamweka Kibonge kwenye mkeka mpana. Wenzake walitawanyika kama shanga zilizokatika uzi. Mmoja alishaanza kusimama dede. Kibonge alikaa palepale alipowekwa. Muuguzi akamwekea mpira mbele, mbali kidogo. Mtoto akanyoosha mkono, kisha akaurudisha taratibu, kama aliyegusa ukuta. Ukuta haukuwepo. Mama peke yake ndiye aliyeuona, wa bluu.

Muuguzi akaikunja miguu ya mtoto na kuikunjua. "Miguu mizima hii. Mchana mnamweka wapi?"

"Ndani."

"Ndani wapi, mama?"

Akasema. Afadhali angekaripiwa. Muuguzi alisema tu, "Mpe sakafu, kisha tuone."

Njia nzima ya kurudi mama alitafuta kichwani sakafu ya kumpa, asiione. Akiondoa cherehani, ameondoa kula. Akiondoa kitanda, mume atakosa usingizi, asinzie langoni na kufukuzwa.

"Kasemaje?" mumewe aliuliza.

"Tumpe sakafu."

"Ipi?" Alicheka, halafu akaona anacheka peke yake.

Jioni ile waliisukuma cherehani hadi kwenye kona, wakaiziba kwa benchi na sanduku la nguo. Pasi, mikasi na pini viliingia huko. Fundi akaingia pia. Sakafu iliyobaki aliipitishia sumaku ya redio mbovu hadi isinase kitu.

"Sasa wewe ndiye uliyelowekwa," mumewe alisema.

"Lazima awepo mmoja," akajibu, na hakuwa akitania.

Kwa siku kadhaa Kibonge alikaa sakafuni kama mgeni asiyeonyeshwa kiti. Kisha, mchana mmoja, fundi akasikia viganja vikipiga sementi. Hakuinua macho, asije akaviogopesha. Vidole vikashika benchi, kichwa kikachomoza. Kibonge alikuwa amesimama dede, magoti yakitetemeka, akimtazama mama yake aliyekuwa ndani.

Walitazamana. Halafu mtoto akaachia, akakaa kwa kishindo, akageuka na kutambaa kuelekea mwanga uliopita chini ya mlango.

Kishindo kilimwamsha mlinzi. "Anaenda wapi huyo?"

"Mlangoni."

"Umefunga?"

"Nimefunga," akasema, na mguu wake ukasimama juu ya pedali.

Kiganja kidogo kikapiga ubao, kikanyamaza, kikapiga tena, kama mtu anayebisha hodi kutoka ndani. Fundi alisikiliza. Kisha akaliacha pindo nusu, akakusanya sketi yake, akainua mguu kuvuka benchi.