Mama Maelezo

Ofisini wanamwita Mama Maelezo, maana ndiye anayeandika maelezo ya kutumia programu za kompyuta. Haandiki sentensi kabla hajajaribu inachosema: anakunja mikono ya blauzi, anaandika amri kwa vidole viwili, kisha anajisomea jibu la kompyuta polepole, kama anayemsomea mgonjwa barua. Jana alikuwa anarekebisha maelezo ya amri moja inayoorodhesha vilivyomo ndani ya sehemu yoyote ya programu. Ya zamani yalisema inaonyesha vyote. Alijaribu mara tatu, na kila mara amri ilificha vingine.

“Mama, amri hiyo niliitunga mimi,” fundi mkuu alimwambia. “Inaonyesha vyote.”

Hakubishana naye. Alimgeuzia skrini, akaijaribu amri tena mbele yake, vingine havikutokea, kisha akafuta “vyote” na kuandika “vingi, si vyote”. Fundi akavuta kiti, akaketi kando yake.

“Haya, na mstari wa pili wa maelezo?”