Machela Iliyopanda

Kule milimani juu ya Mkuyuni, machela ya kijiji inajua kazi mbili tu: inashuka na mgonjwa, inapanda na maiti. Anayepona hurudi kwa miguu yake, tena akijidai kidogo. Cecilia alilijua hilo tangu utotoni, ndiyo maana ombi lake lilimkwama kooni karibu mwaka mzima.

Zamani alikuwa mtu wa kilima. Ndizi kichwani akishuka sokoni, chumvi na mafuta ya taa akipanda, na njia nzima mdomo haunyamazi. Kisha vidole vikaanza kufa ganzi na kuwa vyeupe kila asubuhi ya ukungu. Ngozi ikamkaza, mikunjo ya uso ikapotea. Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, maduka ya Morogoro yamefurika krimu za kila aina, basi majirani wakakata shauri kwamba Cecilia anajichubua. Walimcheka hadi siku alipokaa chini katikati ya njia, akihema kama aliyefukuzwa.

Daktari wa mjini hakuficha kitu. Ugonjwa ule wa kukakamaa ngozi haukuishia nje. Mishipa ya damu mapafuni nayo ilikuwa imesinyaa na kuwa migumu, na moyo ulikuwa unachoka kusukuma damu. Dawa zilikuwepo za kumpa nafuu, si za kumponya.

"Baridi uikimbie, mama," alisema. "Na mlima uusahau."

Rahisi kusema. Cecilia alihamia Kichangani, kule chini bondeni, kwa mjomba wake, Anselmi, kwenye joto, na kutwa mlima ukawa unamwangalia dirishani. Alitamani moshi wa jiko la mama yake, alitamani hata matope. Hamu ile ilimuuma kuliko kifua. Miguu ilipovimba, na pumzi ikawa inakatika akienda uani tu, akaona bora aseme.

"Mjomba, nipandishe nikiwa hai."

Kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye neno, na neno hili Anselmi hakulipenda hata kidogo.

"Unajiitia kifo, mwanangu."

"Mkataa kwao mtumwa," Cecilia akajibu, na pumzi ikaishia hapo. Anselmi akaenda kutafuta wabebaji.

Walipanda taratibu. Baridi ilipoanza wakamfunika shuka hadi shingoni, upepo ulipozidi wakamfunika gubigubi. Hakuna aliyewaza watakaoiona watadhani nini. Wanawake mashambani wakaona machela inapanda, imefunikwa. Kilio kikatangulia kijijini, na wabebaji walipofika uani mama yake alikuwa ameshaanguka chini.

Cecilia aliyasikia yote. Alitaka kupaza sauti, pumzi haikutosha. Akatoa mkono nje ya shuka. Mama yake akaushika, akaukuta mweupe na wa baridi, akazidi kulia.

"Shikamoo, mama."

Ilikuwa sauti ndogo, lakini kilio kikakatika uani pote. Mama aliviingiza vile vidole kwapani mwake, akavibana hadi damu ikarudi. Ndipo akauliza, "Watakushusha lini?"

Cecilia aliiangalia pilipili manga iliyotambaa juu ya mti pale mlangoni, ile aliyoipanda mwenyewe.

"Mmeshanililia, mama," alisema. "Sasa acheni nikae."