Mkamwana Aliyegeuza Mgongo Mezani

Siku ile mtamboni nilikuwepo mimi. Alikuwepo mwenyekiti wa kikundi chetu cha wakulima wa kahawa, binti wa baba yangu mdogo, ninayemwita dada. Alikuwepo msimamizi wa mtambo, kijana wa mkoa wa mbali ambaye kwetu Isansa nzima hakuwa na ndugu. Alikuwepo mzee mmoja, kaka wa mume wangu, na mkamwana wake, yaani mke wa mwanawe, binti wa kutoka Ileje. Wengine ni wanawake wenzangu wa kuchambua. Majina yao yote ninayo, hata ya watoto waliokuwa mgongoni, ila siyaandiki kwa sababu wajukuu zao wanasoma na wa kwangu.

Ilikuwa miaka ile wanunuzi binafsi walipoanza kuja Mbozi kushindania kahawa yetu. Tukaambiwa safi ndiyo yenye bei, basi kikundi kikapata mtambo wa kumenya. Kahawa mbivu haingoji. Ukiichuma leo, leo hiyohiyo imenywe, la sivyo inachacha ndani ya gunia na kunuka kama pombe.

Yule binti, mumewe alivuka Tunduma kwenda kuchuuza Zambia, na habari zake zikakatika. Kazi ya kuchambua ndiyo iliyomlisha yeye na mtoto.

Sasa, mama mkwe wake aliamka na homa, mzee akaja kushika nafasi yake. Kijana, bila kujua, akamweka kwenye meza moja na mkamwana wake, uso kwa uso. Sisi Wanyiha tungejikaza. Lakini huko alikolelewa binti, mkamwana hamtazami baba mkwe wala kuongea mbele yake. Akageuka, akateremsha beseni chini, akawa anachambua ameelekea ukutani.

"Dada, geuka. Kahawa iko mezani, siyo ukutani," kijana akamwambia.

Binti akazidi kuliinamia beseni.

"Dada, nasema na wewe!"

Hakuna aliyemweleza. Kulisema jambo lile mzee akisikia ni aibu juu ya aibu.

"Basi, vua aproni uende. Kesho usije."

Binti akafungua aproni, akaiacha juu ya beseni, akaanza kutoka upandeupande kwa kufuata ukuta. Tukaweka vikapu chini. Mmoja wetu akasema, "Akitoka yeye tunatoka sote. Mtambo uendeshe na mama yako!"

Mimi nilishafungua mdomo nimwoshe kwa maneno yule kijana. Dada yangu mwenyekiti akaingia kutoka kwenye mzani. Hakuuliza kitu. Alimtazama binti, akamtazama mzee aliyekuwa akiiminya punje moja tu vidoleni, halafu kijana, ambaye aliificha mikono mfukoni haraka.

"Shemeji," akamwambia mzee, "maji ya mfereji naona yamepungua. Hebu nitazamie kule juu, wewe ndiye unayejua majani yanapozibia."

Mzee aliinuka haraka mpaka kigoda kikaanguka. Maji hayakupungua. Sote tulikuwa tunayaona yakiingia mtamboni.

Mwenyekiti akamvuta kijana kando ya mtambo, karibu na nilipokuwa.

"Mwanangu, umekula leo?"

"Bado, mama. Mnunuzi anakuja kesho. Akiikataa kahawa hii, nitarudi kwetu niseme nini?"

"Ndiyo maana una makali. Niambie, kwenu mkamwana na baba mkwe wanakaaje?"

"Wanakaa tu. Hata chai wanamiminiana."

"Yule kwao hawezi hata kumtazama. Kugeuza mgongo ndiyo heshima yake."

Kijana akashika kichwa. "Mbona hamkuniambia?"

"Mzee akiwa pale? Tungeanzia wapi?"

Hakumwagiza la kufanya. Kijana mwenyewe akaenda kuichukua aproni, akampelekea binti mlangoni kwa mikono miwili.

"Dada, nilidhani unanidharau. Nisamehe."

"Na mimi nilidhani unajua," binti akasema, akaivaa.

Tukashika vikapu. Kahawa ile ilimenywa yote kabla jua halijazama.

Niliwahi kugombea uenyekiti na dada yangu huyo nikashindwa, nikadhani walimpa kwa upole wake. Lakini wapole ni wengi, na mtambo wangeuacha usimame. Yeye aliona watu watatu wameogopa, kila mmoja na lake, akamfungulia kila mmoja pa kupitia. Mimi nilikuwa nimemwona mmoja tu. Viongozi wenye elimu na sauti nimewasikiliza wengi tangu hapo, na bado huwa naangalia kama macho yao yanatua kwenye nyuso za watu.

Mzee alihamia kwenye vichanja vya kuanikia. Binti akabaki mezani misimu yote aliyotaka. Na kijana, kabla ya kutupanga, alianza kuuliza, "Nani hakai na nani?" Wanawake wanamjibu, "Sisi hatukai na wewe!" Naye anacheka.

Dada yangu anabisha, anasema hakumwuliza kijana kama amekula. Mimi ndivyo nilivyosikia, na mtambo ulikuwa unanguruma. Mliokuwepo mkasikia vingine, njooni mniambie. Nitafuta niandike upya.