Dumu Nililolikaza Safari ya Changuu

Naona aibu kuisimulia hii, lakini Igowole nzima imeshaisimulia isipokuwa mimi, na kila mmoja anaongeza chumvi yake, kwa hiyo kaeni niwape yenye chumvi yangu mwenyewe.

Masika ya mwaka jana kwaya yetu ya Kilutheri ilikwenda kutembea Zanzibar. Jumapili ya kurudi nilikuwa nibarikiwe kuwa mzee wa kanisa, jambo nililolisubiri miaka, hata suti nilishashona, na mchungaji wetu, ambaye akinusa pombe kwa mzee wa kanisa anamvua uzee siku hiyo hiyo, alikuwa safarini pamoja nasi. Sasa mdogo wa mke wangu anafundisha shule kule Unguja, akanipigia simu kunibembeleza, "Shemeji, niletee ulanzi hata kidogo, huku nimesahau hata unavyonukia." Nikakubali. (Mke wangu alinikataza, nimeshamwomba radhi, tuyaache.)

Mtu yeyote wa kwetu anajua ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ukishagemwa kwenye mwanzi unaendelea kuchachuka, hivyo chombo chake hakikazwi mfuniko, unauachia upumue. Mimi hilo nalijua tangu natambaa. Lakini nikiiwaza pua ya mchungaji, nikalikaza lile dumu la lita tatu kwa nguvu zangu zote, nikalizungushia nailoni, nikalitia kwenye begi la mgongoni.

Kwa baridi ya Igowole pengine ningesalimika, ila tulilala Dar kwenye joto, asubuhi tukavuka, na shemeji akasema ana vipindi mpaka jioni, kwa hiyo nikapanda na dumu langu boti ya kwenda kisiwa cha Changuu, kwenye lile gereza la zamani. Mchungaji akakaa ubavuni kwangu.

"Begi limejaa hivyo, umebeba nini?"

"Maji ya kunywa, mchungaji."

Basi akawageukia wanakwaya, akasema mnaona, mzee mtarajiwa anawafikiria wenzake, wakanipigia makofi, na mimi (sijui nilikuwa na akili gani) nikapunga mkono.

Kufika gerezani jua linachoma, tukajibana kwenye chumba kimoja cha mawe pamoja na watalii wawili, mwongozaji akatueleza kwamba gereza lilijengwa lakini hakuna mfungwa aliyewahi kufungwa humo, waliwekwa wagonjwa tu ili wasiambukize mji. Mchungaji akajifuta jasho.

"Yale maji sasa."

"Yamepata moto, mchungaji."

"Yalete hivyo hivyo."

Nikarudi nyuma mpaka ukutani. Mama Atu, anayeongoza sauti ya kwanza, mwanamke asiyependa kusubiri, akanivua begi, akafungua zipu, akatoa dumu limevimba mviringo kama boga. Nikasema mama, taratibu. Akauzungusha mfuniko nusu tu. Mlio uliotoka hapo uliwafukuza watalii mbio, mwongozaji akalala kifudifudi sakafuni, mfuniko ukagonga dari, na povu likamwogesha mchungaji kuanzia kola mpaka viatu.

Harufu ikajaa, na mle ndani pua zote ni za Igowole.

Mama Atu akaramba povu lililomrukia mdomo wa juu, akafikiri kidogo, akasema, "Huu umekomaa."

Kwaya nzima ikaangua kicheko, na mwongozaji, bado yuko chini, akauliza, "Bwana, nini hicho?" Mtu wa besi akamjibu kwamba mfungwa wa kwanza amepatikana.

Mchungaji hakucheka. Tukiwa kwenye boti tunarudi akasema taratibu, "Baba yangu aligema ulanzi maisha yake yote, hiyo ningeivumilia. Lakini mimi nimekusifia mbele za watu, na wewe ukapunga mkono."

Iliniuma kuliko kama angenifokea. Jumapili nilivaa suti yangu hivyo hivyo, nikakaa benchi la katikati, nikaangalia mwingine anavyobarikiwa kwenye nafasi yangu, na mwingine mwenyewe ni Mama Atu, yule yule aliyeonja, kwa sababu yeye alichosema mle chumbani kilikuwa kweli.

Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nimebeba nini, nafungua begi kwanza, halafu ndiyo najibu.