Simu Iliyolia Chini ya Mto

Nilimwandikia mshauri wa mtandaoni aniokolee mume wangu. Simu ikalia chini ya mto wa mume wangu.

Nikatuma tena ujumbe uleule. Ikalia tena.

Ngoja niwaeleze ilivyokuwa, maana hadi leo kichwa hakijakaa sawa.

Naitwa Yuliana, tunaishi Mwananyamala. Mume wangu, Kamugisha, ni mwalimu wa sekondari. Mwaka huu, baada ya Pasaka, akaanza kushindwa kuamka. Hakufiwa, hakugombana na mtu. Alilala tu akiutazama ukuta, na uji ukapoa pembeni.

Siku moja akaniambia, "Mama Loveness, mie nimechoka kuwepo."

Niliogopa sana. Hata kwenda bombani kuchota maji nikawa naenda mbio.

Nikahangaika. Mchungaji akasema apumue taratibu, ataje kinachomuuma, aanze na jambo dogo, asijitenge. Mshauri nasaha wa hospitalini, yaleyale. Mzee Hashil mwenye duka nilimpa shikamoo tu, akaniona uso, naye akanipa yaleyale. Tofauti yake, yeye alianzia kwenye uradi.

Nikacheka kwa hasira. Kumbe wote wanatoa dawa moja, chupa ndo tofauti!

Na hiyo dawa mume wangu hainywi.

Ndipo mdogo wangu Gladness akanitumia ukurasa wa Facebook.

"Dada, huyu jamaa ni noma. Kasaidia watu kibao."

Jina hana, anajiita Admin tu. Alikuwa amesoma vitabu vya kujiinua, mahubiri, mbinu za madaktari, akaonyesha vyote vinakutania wapi. Nilichokigundua kwa kuzunguka juani, yeye alishakiandika zamani. Chini yake watu wanamshukuru hadi unaona wivu.

Mchana ule nikakaa pembeni ya kitanda, nikamwandikia. Ndo simu ikalia.

"Baba Loveness, ni wewe?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Sasa mbona wewe hayakusaidii?"

"Kuyajua si ishu. Asubuhi ukitoka napumua, nataja kinachoniuma, natandika kitanda. Halafu nalala juu yake."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenipa ushauri."

Jamani, kila nililokuwa nalo alishaliandika yeye.

Nikaanza kulia. "Basi nijibu kama unavyowajibu wale. Mume wangu namuona anaondoka hivi hivi. Nifanyeje?"

Akachukua simu. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Yangu ikatetemeka mkononi.

"Sijui. Ila usiondoke."

Nikapanda kitandani nikalala karibu yake. Wali ukaungua jikoni, nasikia harufu, sikuinuka.

Kazini bado hajarudi. Hospitali sasa tunakwenda wote wawili. Kuna siku anafika getini anageuza, nami nageuza naye. Sina uwezo mwingine, na inaniuma.

Nawaomba kitu kimoja tu. Kama kwenu kuna mtu anayewatuliza wengine wote, mfuateni leo mkamuulize yeye anaendeleaje. Akianza kujibu, nyamazeni.