Kisu cha Mkono Mmoja

Kikao cha kumhamisha shangazi yangu kilifanyika nyumbani kwake mwenyewe, Samuye, na hakuna aliyemuuliza anataka nini. Alikuwa amekaa pale pale kati yetu, mkono wa kulia umelala mapajani. Kiharusi kilikuwa kimempata miezi minne kabla. Mguu ulirudi, ulimi ukarudi, mkono ukakataa.

Aliyeongea ni baba mkubwa, kaka yake. Alisema ameshaandaa chumba nyuma ya nyumba yake Kambarage, mjini, kwenye maji ya bomba na watu wa kumwangalia. Nyumba ya Samuye ingefungwa, shamba angepewa mtu alime.

"Mtu asiyeweza kukata hata kiazi hawezi kuishi peke yake," alisema. "Tusidanganyane."

Wengine wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, nikanyamaza, na kunyamaza kule kunaniudhi mpaka leo. Shangazi ndiye aliyejibu, taratibu, maana ulimi ulikuwa bado mzito.

"Nipeni mpaka viazi vikomae. Nikishindwa kuvikata, nitapanda gari mwenyewe."

Baba mkubwa akatabasamu, akakubali haraka, jinsi unavyomkubalia mgonjwa jambo unalojua haliwezekani.

Viazi alivyovisema ni vya michembe. Kwetu kiazi kitamu hukatwa kibichi vipande vyembamba, vikaanikwa juani hadi vikakamaa, vikaliwa wakati shamba limekauka. Michembe ya shangazi ilijulikana hata vijiji vya jirani, kwa sababu vipande vyake vyote vilikuwa na unene mmoja na vilikauka bila kuoza katikati. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya tangu mimi sijazaliwa. Kumwambia hawezi kukata kiazi ilikuwa kumwambia amekwisha.

Alinisindikiza hadi barabarani, akiburuta mguu kidogo. "Wewe si fundi wa vyuma? Nitengenezee kisu."

"Cha namna gani, shangazi?"

"Kisichohitaji mkono wa pili."

Ni kweli mimi ni fundi. Nina kibanda cha kuchomelea Masumbwe. Natengeneza mageti na madirisha, lakini kazi yangu kubwa ni vifaa vya wachimbaji wa dhahabu, nyundo zilizovunjika na tindo zilizochoka kutoboa mwamba. Nilipotaka kujifunza kazi hii, baba mkubwa huyo huyo alisema moto utaniharibu macho na sitaolewa. Shangazi alimwambia mbele ya ukoo mzima kwamba macho ni yangu, na mume atakuwa wangu pia. Sikuwa na namna ya kumkatalia kisu.

Cha kwanza nilikikata kwenye msumeno mkuukuu. Nilikipinda makali, nikakitia mpini nyuma kama kisu chochote, nikaking'arisha hadi ungeweza kujiona uso. Nilimpelekea Jumamosi nikiwa najisifu moyoni. Aliweka kiazi juu ya ubao, akakandamiza. Kiazi kikabingirika, kikaanguka chini. Akajaribu tena, na tena. Mara ya nne akanisukumia kisu.

"Hiki ni cha mtu mwenye mikono miwili. Umekipinda tu."

Iliniuma. Nilitarajia ahsante, nikapewa kosa langu mkononi. Lakini hakuniacha hivyo. Alichukua mfuniko wa sufuria, akausimamisha wima juu ya kiazi, akaubembeza kushoto na kulia kwa kiganja cha mkono wake mzima.

"Mkono ukae juu, si nyuma. Uzito wangu ndio ukate."

Niliporudi Masumbwe nilijua ninachotafuta: chuma kizito, kilichopindwa kama nusu ya sahani, mpini ukae juu ya mgongo wake. Chuma cha namna hiyo ni springi ya gari, na springi haipindiki bila kutiwa kwenye makaa. Nilimwendea mhunzi mmoja wa hapo Masumbwe kuomba moto wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema makaa yake hayakaribiwi na mwanamke, na kama ni kisu cha mgonjwa nimnunulie cha dukani.

Sikubishana naye. Nilichukua ringi ya lori, nikaichomelea miguu mitatu, nikapitisha bomba chini yake na kufunga feni kuukuu mwishoni ya kupuliza makaa. Mafundi wenzangu walikuja kutazama. Mmoja aliuliza kama nachoma mahindi.

"Ndiyo," nikamwambia. "Subiri yaive."

Springi ilipoiva hadi ikawa nyekundu, nilianza kuigonga. Siku mbili niligonga, mabega yakavimba, na umbo likapatikana. Nikakizamisha kisu kwenye ndoo ya maji ili kiwe kigumu. Nilisikia mlio mdogo tu, na nilipokitoa kulikuwa na ufa kutoka kwenye makali hadi mgongoni. Nilikaa chini kando ya ndoo. Waliokuwa wakicheka waliacha kucheka, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Nikainuka, nikakata kipande kingine.

Safari hii nilikizamisha kwenye oili chafu ya injini, kisha nikakirudisha kando ya makaa kipate joto polepole mpaka kikawa na rangi ya chai nyepesi. Hakikupasuka. Nikakitia mpini wa mninga uliojaa kiganjani, nikakinoa, nikakisugua kwa majivu na sabuni hadi harufu ya oili ikaisha.

Shangazi naye hakuwa amekaa bure. Nilipofika nilikuta amemwambia seremala apigilie misumari mitatu kwenye ubao, ncha zikitazama juu. Akachomeka kiazi kwenye misumari, kikatulia. Akashika mpini, akaegemea, akabembeza. Kipande cha kwanza kilikuwa kinene kama kidole. Kufika kiazi cha tano, vipande vilikuwa vinaanguka vyembamba. Alikiinua kimoja, akakitazama juani, akakitupa kwenye ungo.

Baba mkubwa alikuja wakati wa mavuno, na gari, siti ya nyuma haina mzigo. Alikuta uwanja mzima umetandazwa michembe. Alimsalimia dada yake, akakaa, akamwangalia akikata kwa muda mrefu.

"Na siku ukianguka humu ndani?" aliuliza hatimaye. "Nani atakuokota?"

"Nikianguka, nitakuwa nimeanguka kwangu."

"Una kiburi."

"Ninacho," shangazi alisema, huku akichomeka kiazi kingine. "Sogea kidogo, unanizibia jua."

Akasogea. Alikula chakula cha mchana pale, kisha akarudi Kambarage na gari lake vile vile. Hakusema ameshindwa, na shangazi hakumdai aseme. Neno la kuhama halijatajwa tena.

Mkono wake haujarudi. Daktari anasema huenda usirudi. Wiki iliyopita alinipigia simu kunieleza kwamba makali yameanza kulika upande mmoja, nije na jiwe la kunolea, na nisichelewe kwa sababu viazi vimeshachimbwa.